Tone Moja Latosha? Usanifu wa Vifaa vya Mifereji Midogo na Usahihi wa Majibu ya Vipimo

Katika kliniki ya mama na mtoto, mara tu kisigino cha mtoto kinapotobolewa na damu kuanza kujitokeza, akina mama wengi huuliza swali lilelile: "Nesi, hiki kidogo kinatosha kweli?" Swali hilo ni la haki, tena ni la kitaalamu kuliko linavyosikika. Kwa miaka mingi mgonjwa amezoea kuona bomba la sindano likijaa damu, kisha chupa ikibandikwa jina na kupelekwa maabara. Leo anaona tone moja likinyonywa na kifaa cha plastiki kinachoenea kiganjani, kifaa hicho kikiingizwa kwenye mashine iliyo juu ya meza, na kabla ya mtoto kunyonya mara ya pili anaambiwa jambo litakaloamua maisha ya mwanawe. Makala haya yanakusudia kumjibu mama huyo, na pamoja naye mhudumu aliyeshika kisigino hicho, kwa kueleza kinachotendeka ndani ya kifaa na kwa nini majibu yake huaminika, au hukosa kuaminika.

Kwa nini kipimo kifanyike palepale kliniki

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye maambukizi ya VVU hawezi kuthibitishwa kwa kipimo cha kawaida kinachotafuta kingamwili. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kubaki katika damu ya mtoto kwa miezi mingi, pengine hadi mwezi wa kumi na nane. Kipimo hicho chaweza kuonyesha mistari miwili hata kama mtoto ni salama kabisa. Inabidi kutafuta kirusi chenyewe, yaani vinasaba vyake. Kazi hiyo hufanywa kwa PCR, njia ya kudurufu kipande cha vinasaba mara mamilioni hadi kionekane, nayo kwa muda mrefu iliwezekana katika maabara kubwa tu. Damu ya mtoto ilidondoshwa kwenye karatasi maalumu, ikakaushwa, ikafungwa ndani ya bahasha na kusafirishwa mjini. Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa, na wakati mwingine yalimkuta mama amehama au amekata tamaa ya kurudi.

Wiki hizo ni ghali mno. Bila matibabu, takribani nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na hatari ni kubwa zaidi katika miezi michache ya mwanzo. Utafiti wa CHER, uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa kuwaanzishia watoto wachanga dawa mapema, badala ya kusubiri dalili au kushuka kwa kinga, kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Tangu hapo hoja ya msingi ikawa muda: jibu sahihi linalofika mtoto akiwa amekwisha kuzikwa halina faida kwa yeyote. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika miongozo yake vipimo vya vinasaba vinavyofanyika karibu na mgonjwa. Kimojawapo cha vifaa vinavyotumika leo huhitaji mikrolita 25 tu za damu na hutoa jibu chini ya saa moja. Mikrolita moja ni ujazo wa kijisanduku chenye upana, urefu na kina cha milimita moja. Hesabu basi visanduku ishirini na vitano vya namna hiyo.

Kimiminika kikiingia mahali pembamba

Taaluma inayoshughulikia mwendo wa vimiminika ndani ya mifereji myembamba kama unywele huitwa maikrofluidiki, jina zito kwa kitu chembamba. Wazo la kukusanya hatua zote za maabara ndani ya kijisahani kimoja lilielezwa waziwazi mwaka 1990 na Andreas Manz na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Basel, Uswisi. Aliyedhani kuwa kazi ingekuwa kupunguza tu ukubwa wa vyombo vya maabara alikosea, kwa kuwa kimiminika kikiingia mahali pembamba hubadilika tabia.

Tukoroge chai kwanza. Kijiko kikizunguka, maji hujipinda na kuvurugika, na sukari husambaa kikombe kizima kwa nukta chache. Ndani ya mfereji wenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, mvurugiko huo haupo. Mnato wa kimiminika hushinda msukumo wake, na vimiminika viwili vinavyoingizwa pamoja hutiririka sambamba, kila kimoja kwenye tabaka lake, kama watu wawili wanaotembea njia moja bila kusalimiana. Njia pekee ya kukutana ni molekuli kusambaa zenyewe, polepole, kutoka tabaka moja hadi jingine. Muda wa kusambaa huko hutegemea mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Kingamwili, ambayo ni molekuli kubwa, huweza kuchukua zaidi ya saa tatu kusambaa milimita moja katika maji yaliyotulia, lakini huvuka sehemu ya kumi ya milimita kwa dakika mbili hivi. Hapo ndipo udogo unapokuwa rafiki wa msanifu, maana kipimo ambacho katika kisima cha kawaida cha maabara kingesubiri kwa saa nyingi hukamilika kwa dakika chache, kwa sababu tu hakuna mahali pa mbali pa kwenda. Pale inapohitajika kuchanganya kwa kasi zaidi, msanifu huchonga kwenye sakafu ya mfereji vijimifuo vya mshazari vinavyokilazimisha kimiminika kujisokota kinapopita; njia hiyo ilichapishwa mwaka 2002 na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, na bado inatumika.

Lakini udogo una ubaya wake. Katika bomba la maabara lenye kipenyo cha milimita kumi, sehemu kubwa ya damu haiugusi ukuta. Katika mfereji wa sehemu ya kumi ya milimita, eneo la ukuta kwa kila kipimo cha damu ni kubwa mara mia. Protini hupenda kunata ukutani. Kama kinachotafutwa ni kichache, ukuta waweza kukinyakua chote na jibu likatoka kuwa hakipo. Kwa sababu hiyo kuta hupakwa mapema dutu nyingine, mara nyingi albumini, ili nafasi za kunata zijazwe kabla sampuli haijafika. Aina ya plastiki nayo ni uamuzi mzito. Mpira wa silikoni, unaopendwa sana na watafiti kwa kuwa ni rahisi kuumbika na unapitisha mwanga, hunyonya baadhi ya molekuli ndogo na huruhusu mvuke kutoka. Ndiyo maana vifaa vingi vilivyong'ara katika machapisho ya vyuo vilikwama vilipotakiwa kuzalishwa kwa maelfu kwa plastiki ngumu ya kiwandani.

Halafu kuna kiputo. Msomaji aliyewahi kuona hewa kwenye mpira wa dripu anajua wasiwasi wake. Ndani ya kifaa hiki wasiwasi ni mkubwa zaidi. Kiputo chenye kipenyo cha nusu milimita kina hewa ya kutosha kujaza theluthi mbili za mfereji wenye urefu wa sentimita moja na upana tuliokwisha kuutaja. Kiputo hicho kinachukua nafasi ya sampuli, kinaziba njia, kinavimba mashine inapopasha joto, na kikikaa mbele ya jicho la mashine hutawanya mwanga na kudanganya usomaji. Wasanifu hutumia muda mwingi kupambana na kiputo kuliko kupambana na ugonjwa wenyewe: kona huviringishwa zisishike hewa, matundu ya kupumulia huwekwa mahali pa juu, na uso wa mfereji hufanywa upende maji ili kimiminika kitangulie kuukamata ukuta kabla hewa haijanaswa.

Kazi ya kwanza ni kupima ujazo

Wahudumu wengi wamekuwa wakitumia kifaa cha jamii hii kila siku bila kukiita kwa jina hilo. Kipimo cha haraka cha malaria ni mfereji wa karatasi. Hakina pampu wala umeme. Utando wake wenye vinyweleo hunyonya kimiminika kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Damu, kwa kawaida mikrolita 5, huwekwa kwenye kijidirisha chake, bafa hudondoshwa kwenye dirisha la pili, na mchanganyiko husafiri ukibeba kingamwili zilizotiwa alama ya chembe za dhahabu. Zikikutana na protini ya kimelea, hunaswa kwenye mstari wa kwanza na kuupaka rangi. Zilizobaki hunaswa mbele kwenye mstari wa udhibiti.

Ni usanifu mzuri kwa bei yake, na umeokoa wengi. Hata hivyo, msomaji atazame udhaifu wake mmoja, kwa kuwa ndio uliowafikisha wasanifu kwenye vifaa tunavyovieleza hapa. Mstari wa udhibiti huthibitisha kwamba bafa imetiririka na kwamba kingamwili zenye alama bado ziko hai. Hauthibitishi kwamba damu iliwekwa. Mhudumu aliyechoka akisahau damu na kudondosha bafa peke yake, kwa vifaa vilivyo vingi mstari wa udhibiti utajitokeza vizuri kabisa, na mtoto mwenye malaria ataandikwa kuwa hana. Vivyo hivyo damu ikizidi, utando hubaki mwekundu na mstari hafifu hausomeki; bafa ikidondoshwa kwa kubahatisha, kasi ya mtiririko hubadilika, na usomaji wa dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo hupoteza maana yake. Kipimo chenyewe ni kizuri, ila ujazo umeachiwa mkono wa mtu.

Katika vifaa vilivyounganishwa, mkono huo hupunguziwa mzigo. Mrija mwembamba wa kioo au plastiki, unaojaa wenyewe kwa nguvu ya mvutano wa uso wa kimiminika, una urefu na kipenyo vinavyojulikana. Ukijaa, umepima, damu haiwezi kuzidi humo. Dirisha dogo humwonyesha mhudumu kama damu imefika mwisho wa mrija, na mashine yenyewe hukagua tena kabla ya kuanza. Baada ya hapo kifuniko hufungwa na hakifunguliwi tena. Kufungwa huko hakuhusu usafi peke yake. PCR hudurufu vinasaba mara mamilioni, na tone lisiloonekana likirukia sampuli ya mgonjwa anayefuata, naye ataonekana mgonjwa. Maabara kubwa hujikinga kwa kutenga vyumba. Katika zahanati yenye chumba kimoja, katriji iliyofungwa ndiyo vyumba vyote hivyo.

Safari ya makohozi ndani ya katriji

Mfano ulioenea zaidi katika nchi zetu ni katriji ya Xpert inayotumiwa kupima kifua kikuu. Asili yake ina historia ya kushangaza kidogo. Baada ya barua zenye vimelea vya kimeta kusambazwa Marekani mwaka 2001, teknolojia hii ya kampuni ya Cepheid ilitumiwa kukagua hewa katika vituo vya kuchambulia barua, mahali ambapo hakuna mtaalamu wa maabara na ambapo kosa la kengele ya uongo lingefunga posta nzima. Kifaa kilichosanifiwa kwa ajili ya mfanyakazi wa posta kiligeuzwa kuwa kifaa cha zahanati. Naona hilo si jambo la bahati: mahitaji yalikuwa yaleyale. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha kifua kikuu cha mfumo huu mnamo Desemba 2010.

Makohozi ni sampuli ngumu kuliko damu. Mengine ni mepesi kama mate, mengine ni mazito kama gundi, mengine yana damu au mabaki ya chakula. Hakuna mfereji mwembamba utakaoyapokea yalivyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika nje: kwa katriji ya awali, kitendanishi cha sampuli huongezwa kwa kiasi cha mara mbili ya makohozi, chombo hutikiswa, na mchanganyiko huachwa kwa dakika kumi na tano huku ukitikiswa tena katikati. Kitendanishi huyayeyusha makohozi na kuua sehemu kubwa sana ya bakteria, jambo linalomlinda mhudumu. Kisha mililita mbili huhamishiwa kwenye katriji na kifuniko hufungwa.

Yanayofuata hayaonekani. Katikati ya katriji kuna bastola ndogo inayopanda na kushuka kama ya bomba la sindano, na chini yake vali inayozunguka. Vali ikigeuka hufungua njia ya chumba kimoja na kufunga vingine; bastola ikivuta hunyonya, ikisukuma humimina. Kwa kuzungusha na kusukuma tu, kimiminika hupelekwa chumba baada ya chumba. Bakteria hunaswa kwenye chujio. Makohozi na vizuizi vya PCR huoshwa na kutupwa kwenye chumba cha taka. Mawimbi ya sauti ya masafa ya juu hupasua ganda gumu la bakteria. Vinasaba vilivyotoka hukutana na vitendanishi vilivyokaushwa kuwa punje. Na mwisho mchanganyiko husukumwa ndani ya kijibomba chembamba ambamo hupashwa joto na kupozwa mara kwa mara huku mwanga ukisomwa. Jibu, pamoja na taarifa ya usugu dhidi ya rifampisini, hupatikana chini ya saa mbili.

Utafiti mkubwa wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa 1,730 katika Peru, Azerbaijan, Afrika Kusini na India, ulionyesha kuwa kipimo kimoja kiligundua asilimia 98.2 ya wale ambao hata hadubini iliwaona. Kwa wagonjwa ambao hadubini haikuwaona ingawa bakteria waliota maabara, kipimo kimoja kiligundua asilimia 72.5. Takwimu hii ya pili ndiyo ya kukumbukwa. Mgonjwa mwenye dalili zote, aliyekonda, anayetoka jasho usiku, akipata jibu kwamba bakteria hawakuonekana, bado ni mgonjwa wa kuchunguzwa. Toleo lililofuata, liitwalo Ultra, liliongeza uwezo huo kwa kupanua chumba cha PCR na kutafuta sehemu za vinasaba zinazojirudia mara nyingi ndani ya bakteria mmoja.

Jibu linapokataa kutoka

Wahudumu hulalamikia zaidi ujumbe mmoja kuliko mwingine wowote: skrini inapoandika kwamba kipimo ni batili au kina hitilafu. Katriji imetumika bure, foleni inasubiri, mgonjwa anauliza. Nimewahi kusikia katika mafunzo mtu akisema mashine "imegoma", na mwenzake akijibu kwamba jibu batili waweza kulihesabu kama hasi na kazi ikaendelea. Kauli hiyo ya pili ni ya hatari, nami naomba tuitazame kwa makini.

Ndani ya kila katriji ya kifua kikuu, kiwandani, hutiwa mbegu za bakteria asiye na madhara. Bakteria huyo husafiri pamoja na makohozi ya mgonjwa katika kila hatua: hunaswa, huoshwa, hupasuliwa, hudurufiwa. Mwisho mashine hutafuta vyote viwili. Ikimkuta huyu mgeni wa kiwandani lakini isikute kifua kikuu, ina haki ya kusema hakuna, kwa sababu imethibitisha kwamba bakteria akiwapo, njia ingemfikisha. Isipomkuta hata yeye, maana yake njia imeharibika mahali fulani: sampuli ina kizuizi cha PCR, au haikuchakatwa ipasavyo. Hapo mashine haijui chochote kuhusu mgonjwa, nayo husema hivyo kwa neno "batili". Ujumbe wa hitilafu ni jambo jingine: kabla ya PCR kuanza mashine hukagua kama punje za vitendanishi zimeyeyuka na kijibomba kimejaa, na wakati wa kusukuma hupima mgandamizo, makohozi mazito yakiziba chujio, mgandamizo hupanda na kazi husimamishwa.

Linganisha sasa na mstari wa udhibiti wa kipimo cha malaria, usioweza kutambua kwamba damu haipo. Tofauti ya vifaa hivi viwili haitokani na udogo wala bei peke yake. Kimoja kimesanifiwa kujua kwamba kimeshindwa. Ningependa kila mhudumu anayepokea mashine mpya aulize kwanza swali hili, kabla ya kuuliza inachukua dakika ngapi: ikishindwa, itaniambia, au itaniandikia hasi?

Mpaka ambao usanifu hauwezi kuuvuka

Turudi kwa mama na swali lake la kutosha. Hata kifaa kisicho na kasoro hakiwezi kuona kisichomo ndani ya tone. Tuchukue mtoto mwenye virusi 100,000 katika kila mililita ya damu, kiwango cha kawaida kwa mtoto aliyeambukizwa na asiyetibiwa. Mikrolita 25 zitakuwa na virusi 2,500. Tone linatosha na kubaki. Sasa tumchukue mtoto ambaye mama yake anatumia dawa vizuri, naye mwenyewe anapewa dawa ya kinga, na virusi vimeshuka hadi 40 katika mililita. Mikrolita 25 zitakuwa na wastani wa kirusi kimoja. Lakini wastani si ahadi. Hesabu za bahati nasibu huonyesha kuwa, kati ya matone 100 ya namna hiyo, takribani 37 hayatakuwa na kirusi hata kimoja. Kifaa kinachochukua mikrolita 100 kitakuwa na wastani wa virusi vinne, na matone yasiyo na kitu yatapungua hadi takribani mawili kati ya mia. Hakuna vali, plastiki wala programu ya kompyuta itakayobadilisha hesabu hii. Kinachoibadilisha ni kuongeza damu au kurudia kipimo baadaye.

Tena tone la kidole au kisigino si damu ya mshipa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, walionyesha mwaka 2015 kwamba matone yanayofuatana kutoka kidole kimoja hutofautiana katika hemoglobini na hesabu za chembe kuliko inavyotofautiana damu ya mshipani, na kwamba ilibidi kuchukua wastani wa matone sita hadi tisa ili kufikia uthabiti wa damu ya mshipa. Kidole kikikamuliwa, maji ya tishu huingia na kuizimua damu. Chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu, na mgonjwa mzima huonekana ana potasiamu ya kutisha.

Waliopuuza mambo haya wapo. Kampuni ya Theranos, iliyoanzishwa California mwaka 2003, iliahidi vipimo vingi mno kutoka matone machache ya kidole. Mwaka 2015 magazeti yalifichua kuwa mashine yake haikuweza yaliyotangazwa; mwaka 2016 kampuni ilibatilisha majibu ya miaka miwili ya mashine hiyo; na Januari 2022 mwanzilishi wake alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Fedha za wawekezaji ziliandikwa sana. Wagonjwa walioshika majibu yaliyobatilishwa waliandikwa kidogo.

Mkono wa mhudumu

Kifaa kilichounganishwa kimeondoa hatua nyingi mikononi mwetu, lakini kimetuachia ya kwanza, ambayo hakuna mashine iwezayo kuirekebisha. Kisigino cha mtoto kipashwe joto kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kitobolewe pembeni wala si katikati, na spiriti iachwe ikauke kabisa kabla ya kutoboa. Tone la kwanza lifutwe. Damu iachwe ijitokeze yenyewe kwa mgandamizo mwepesi unaoachiwa na kurudiwa, isikamuliwe. Mrija ugusishwe kwenye tone, si kwenye ngozi, na usiondolewe katikati ya kujaa, maana hapo ndipo hewa huingia. Damu isipotosha ni heri kutoboa upya kuliko kulazimisha.

Kwa makohozi, mgonjwa aelezwe tofauti ya mate na makohozi kabla hajapewa chombo, si baada ya kurudisha chombo kikiwa na mate. Katriji za kifua kikuu huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 28 za Selsiasi. Stoo yenye paa la bati wakati wa kiangazi haifai, hata kama ndiyo stoo pekee yenye kufuli. Katriji iliyokwisha kujazwa isitikiswe wala kulazwa, na jina la mgonjwa lisiandikwe juu ya alama za mistari zinazosomwa na mashine.

Na jibu likitoka batili, mama asiruhusiwe kuondoka akidhani mtoto amepona hatari, wala asiachwe akitetemeka akidhani limefichwa jambo. Aambiwe kwa lugha nyepesi: "Mama, mashine haijasema mtoto ana virusi, wala haijasema hana. Imesema damu hii haikuweza kusomeka. Tutachukua nyingine sasa hivi." Ichukuliwe siku hiyohiyo. Jibu likiwa chanya, mtoto aanze dawa bila kusubiri huku sampuli ya pili ikichukuliwa kuthibitisha. Likiwa hasi, kadi iandikwe tarehe ya kurudi, kwa kuwa mtoto anayenyonya bado yumo hatarini: atapimwa tena akifikisha miezi tisa, na mara ya mwisho akiwa na miezi kumi na minane, au miezi mitatu baada ya kuacha kunyonya, kutegemea lipi litachelewa.